Namba ya Mwisho

Tulikuwa kumi na wawili, Gongo la Mboto,
nyumba moja, koki moja, Luku moja ya kugombania,
na upatu wa Jumapili, elfu kumi kumi.
Namba ya kwanza kapewa Mama Tumsifu, ana genge.
Ya pili Mwanahawa, kwao hapo Chanika.
Ya tatu Bi Stumai: "Huyu wetu,
tunamjua mpaka kaburi la bibi yake."
Wakahesabu, wakahesabu, wakanifikia.
"Yule Mang'ati mpe ya mwisho.
Watu wa kuhamahama wale,
leo yupo, kesho kafuata ng'ombe."

Sikusema kitu.
Ng'ombe wenyewe nawaona mnadani Pugu,
kwa macho tu, kama wewe uonavyo benki.
Wala sikusema kwamba jina hilo
tulipewa na tuliopigana nao
na maana yake ni adui.
Miaka minne nimeitwa adui kwenye foleni ya maji,
tena kwa sauti nzuri kabisa:
adui, sogeza ndoo yako, shoga.

Nilikuwa naamka saa nane za usiku.
Nesi wa zahanati akanifunga mkono, akasoma, akasoma tena.
"Presha, mama. Unawaza nini?"
Ningemwambia nini?
Kwamba mlango wangu una makomeo matatu?
Kwamba mwanangu nikimwita uani kwa lugha yetu
ananijibu Kiswahili, haraka,
kama mtu anayefunika sufuria?

Wiki ya saba Bi Stumai akahama usiku.
Godoro, feni, hata kamba ya kuanikia.
Alikwisha kula yake.
Asubuhi tukasimama uani
tukitazama misumari miwili mitupu.
Nikasema, na Kiswahili changu kikakwaruza njiani:
"Anayepokea mwanzo haamini mtu. Anaaminiwa.
Wa mwisho ndiye anayewaamini wote,
kumi na mmoja, mmoja mmoja, kila Jumapili."
Kimya.
Mtu akafunga koki.

Zamu yangu ilipofika zikahesabiwa laki moja.
Elfu kumi ya Stumai ilibaki shimo.
Mama Tumsifu akaweka juu yake mafungu mawili ya mchicha,
akasema, "Nyingine tutaona."
Hatujaona bado.

Mwanahawa akafungua daftari la duru mpya.
"Jina lako hasa nani? Siyo hilo la mtaani."
Nikamtajia. Akauliza tena.
Nikalikata vipande kama ninayemlisha mtoto,
U-da-gwe-nga,
naye akaandika, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo,
akakosea herufi moja.
Nikaiacha.

Bado naamka usiku, ila sasa ni saa kumi.
Na lile komeo la juu
siku hizi nalisahau.