Usiguse

Tartu, Februari. Theluji imeziba dirisha la jikoni
na Leelo anafoka: nani kaandika balaa hili?
Mstari wa mia nne na kumi, juu yake onyo:
"Usiguse. Ukiutoa, ukurasa wa malipo unakufa."
Sababu hakuna.

Anaifungua historia ya faili,
nayo, bila haya, inamtaja:
Leelo, miaka mitatu nyuma, saa nane za usiku.

Anacheka peke yake. Chai imekwisha poa.
Kihariri kinapaka kila neno rangi,
kinajua mabano gani hayajafungwa,
hakijui alichokiogopa usiku ule.

Anafuta "Usiguse".
Anaandika: "Benki hujibu mara mbili.
Ngoja jibu la pili."
Kisha, kwa mgeni ajaye,
ambaye huenda ni yeye:
"Pole. Nilikuwa na usingizi."