Nnole wa Katikati

Katibu wa chama cha msingi alitaka idadi
kabla gari la salfa halijafika Kitangari.
Daftari zima lilikuwa ndani ya faili,
ukurasa kwa ukurasa, hadi madoa ya mabibo.

Nikaandika ruwaza: Nnole.
Mashine ikajibu: moja.
Moja! Kwenye kata ambayo ukirusha jiwe
linamwangukia Nnole, likidunda linampata shemejiye.
Kumbe niliiambia tafuta,
sikuiambia tafuta zote.
Ni mtoto mtiifu aliyetumwa chumvi:
akiiona tu, amerudi.

Nikaongeza neno. Ishirini na mbili.
Nikawakumbuka makarani waliotoka pwani,
ambao masikio yao hayaamini N mbili zikiongozana,
wakaandika Mnole, na mwenye jina akanyamaza
kwa sababu foleni ilikuwa ndefu.
Nikafungua mabano ya mraba,
M na N nikazilaza kitanda kimoja:
yeyote atakayeamka, mhesabu.
Arobaini na moja.

Hapo katibu akazua lingine:
"Nipe waliorithi jina la babu."
Rahisi. Nnole Chande Nnole.
Lakini mstari mia tatu na sita unasema,
kwa wino wa buluu uliovujiwa na mvua:
Nnole Chande Nnole Chande Nnole.
Mashine: moja.
Kidole changu juu ya kioo: mbili.

Nikarudia. Moja.
Kidole. Mbili.

Inakula huku inatembea, hiyo ndiyo tabia yake.
Ikishammeza Nnole wa katikati
haimtemi ili aanze safari ya pili.
Inaendelea mbele, inakuta Chande na Nnole,
wawili tu, wamepungukiwa na mtu,
inawapita.
Na huyo wa katikati namjua.
Ndiye babu yake Nnole anayevuna leo,
ndiye mjukuu wa Nnole aliyeufyeka msitu.
Alikuwa na kovu la panga kwenye kigimbi
na alinifundisha kusoma mizani
kwa kunikataza kuiamini.

Ipo njia. Unaiambia ichungulie, isikanyage:
mabano, alama ya kuuliza, alama ya sawasawa,
na jina zima ndani yake.
Inatazama mbele miguu ikiwa palepale,
kisha inasogea herufi moja, inatazama tena.
Mbili.

Katibu akavua miwani.
"Shamba ni moja, Somoe. Mifuko ya salfa
haitoki kwa hesabu ya mizimu."
Kweli. Shamba ni moja.
Kwenye jedwali nikaandika moja,
akapiga muhuri, gari likapakuliwa.

Ile mbili sikuifuta.
Ipo kwenye programu, mstari wa kumi na tisa,
nyuma ya alama ya reli,
pale mashine inaporuka bila kusoma:
huyu wa katikati ahesabiwe kotekote.