Pembemraba

Dukani Kajaani inauzwa yuro tisa,
imefungwa plastiki, imepigwa chapa.
Veikko wa jirani amenikumbusha mara mbili,
akikung'uta theluji mlangoni pangu,
akiiacha baridi iingie bila kubisha hodi.

Mimi nina bamba la msumeno uliong'oka meno,
kipande cha shaba ya njano kutoka bomba bovu,
na tupa tatu: ya kukwaruza, ya kulainisha,
na ile ndogo niliyotoka nayo kiwandani
siku mashine ya karatasi namba nne ilipozimwa
(mlinzi alitazama pembeni, Mungu ampe maisha).

Wiki tatu. Jiliwa, msasa, vidole vyeusi.
Mume wangu anakuta unga wa chuma kwenye siagi.
Anaula. Hasemi.

Tupa haitaki papara.
Isukume kwa hasira, italia
kama paka aliyekanyagwa mkia.
Iegemee tu, italamba,
na chuma kitamwagika kimyakimya
kama unga wa ngano kwenye chekeche.

Nikagongomea ribiti ya mwisho, nikaketi.
Mganga hajigangi, husemwa.
Basi nani atakipima kipimo?

Nikaegemeza kitako kwenye ukingo wa ubao ulionyooka,
nikachora mstari kwa ncha ya kisu.
Nikaigeuza, kushoto ikawa kulia,
nikachora tena kutoka nukta ile ile.

Mistari ilianza pamoja kama mapacha,
ikafika juu imenuniana.
Kati yao, upenyo wa unywele.
Na ukatili wa jaribio hili ndio huo:
kosa huonekana maradufu.
Nusu ya unywele ilikuwa yangu,
nusu ilikuwa kioo.

Tupa mara tatu. Chora. Geuza. Chora.
Tupa mara moja.
Kahawa ikapoa, ikaganda utando.
Chora.
Saa saba usiku nikatafuta mstari wa pili
nisiuone,
nikavaa miwani,
nisiuone.

Jumapili Veikko akaja na yake ya yuro tisa.
Tukaichora, tukaigeuza.
Upenyo ule ungepitisha ukucha.
Akaukodolea macho muda mrefu,
mtu aliyejenga kabati zote za jikoni kwake
akilaumu kuta.

Kisha akauliza, sauti chini,
kama ile tupa ndogo huazimwa.

Haiazimwi, nikamwambia.
Ila jiliwa lina nafasi.
Vua viatu.