Nani Alilala Hapa

Huku Silesia mji hauishi, hubadilishwa jina tu.
Kibao cha upande huu wa reli kinasema Bytom,
cha upande ule, barabara ileile, ukuta uleule mweusi, kinasema Chorzów,
na tramu hupita katikati bila kupunguza mwendo,
kama mtu asiyejali ugomvi wa wake wenza.

Nimetumwa kuhesabu watu.
Nina kalamu mbili, kitambulisho shingoni,
na viatu vilivyokwisha kunywa theluji.
Swali la kwanza la fomu ni dogo:
nani alilala hapa usiku wa kuamkia leo?

Nyumba ya kumi na saba, mzee Alojz Kurzeja
akafungua mlango kwa kiwiko,
viganja vimejaa punje za njiwa.
"Andika mmoja," akasema.
Kisha, "Ngoja."
Mezani palikuwa na vikombe vitatu.

Kikombe cha bluu ni cha Rajnold, mwanawe,
anayechomelea mabomba kule Dortmund.
Huondoka Jumapili usiku kwa basi dogo la watu wanane,
hurudi Ijumaa ya pili akinuka dizeli na sabuni ya ugenini.
Mswaki wake umo kwenye glasi. Viatu vyake viko ukumbini,
vimeelekea nje.
Je, mswaki hulala?
Fomu haina kisanduku cha mswaki.

Kikombe chenye ufa ni cha Zoriana, mpangaji wa chumba cha juu,
aliyetoka Ternopil na begi moja na leseni ya tramu.
Jana theluji iliziba njia panda za reli;
akalala depo, juu ya benchi, koti likiwa blanketi.
Kodi analipa hapa. Usingizi aliulipa kule.

Kalamu ikanidondoka.
Haikutulia: ilibingiria, ikapita chini ya meza,
ikapita kabati, ikaenda kujibanza pembeni mwa jiko.
Mzee akacheka hadi akakohoa.
"Usiiokote haraka. Kila kitu humu huishia pale.
Chini yetu, mita mia sita, nilichimba mimi mwenyewe.
Miaka ishirini na minane nilikuwa naila sakafu yangu kwa kijiko,
mshahara nikautia mfukoni,
na nyumba ikainama, sijui kunishukuru au kunitafuta."

Akanionyesha dirishani mnara wa lifti ya mgodi:
"Ule ndio usafiri wetu. Watu arobaini kwa mshusho mmoja,
hakuna tiketi, hakuna kiti, hakuna aliyechelewa."
Sasa magurudumu yake yamesimama,
na chini yake kuna ghala la vifurushi,
vijana wanapiga miale maboksi yasiyo yao, pi, pi, pi,
malori yanapinda kuingia barabara kuu
na kupeleka Ulaya viatu vya watu wasiowajua.

"Na hawa?" akauliza kwenye paa, akifungua kizimba.
Njiwa sitini na wawili.
"Wapeleke Ubelgiji alfajiri, saa kumi jioni wako hapa.
Wote walilala nyumbani. Waandike hao."

Niliandika mmoja.
Mkono haukutaka, sheria ikataka.

Jioni nilipanda tramu; usukani ulikuwa wa Zoriana.
Akanitambua kwenye kioo.
"Umeniandika?"
Nyuma yangu abiria tisa walisinzia,
kila mmoja akielekea mji wenye jina tofauti,
na mlango ukajifunga kabla sijapata jibu.

Nikashuka kituo cha mwisho, nikapanda ngazi nne.
Mlangoni pangu palibanwa karatasi,
nembo ileile, wino uleule:
*Tulifika mchana. Hatukukuta mtu.*