Bega Jingine

Mimi fundi cherehani, Mabatini,
mlango wa tatu ukitoka kwa muuza mkaa.
Vipimo navijua.

Kwa hiyo Dokta Rwegoshora aliposema,
"Dawa hii karatasi yake inataja watu wazima,
na mwanao ana miezi kumi na minne, sikufichi,"
nilimsikiliza kama fundi anavyomsikiliza fundi mwenzake.
"Imekatazwa?"
"Haijakatazwa, mama Sayi. Haijaulizwa.
Waliojaribiwa walikuwa wakubwa. Watoto hakuna aliyewapima."
Wengine ameshawapa, akawafuatilia, wakapona.
Kuniapia hakuniapia.
Akaandika juu ya boksi kwa kalamu inayokwama:
nyembamba, jioni, siku saba, usoni usiguse.

Nyumbani nikaikunjua ile karatasi juu ya meza ya kukatia.
Imekunjwa mara nane.
Herufi kama mayai ya chawa.
Mengi yalinipita. Hili halikunipita:
isitumike kwa watoto.

Ukichukua pateni ya mtu mzima
ukaipunguza, ukaipunguza,
shingo inapwaya, kwapa linabana.
Bega la mtoto si bega dogo.
Ni bega jingine.

Nkwimba, jirani, aliniletea kikopo cha Makoroboi.
"Mimi wanangu nilikuwa nawapakaga hii, wanatulia."
Hakina jina. Kinanukia harusi.
Siku tatu Sayi aling'aa kama sahani,
ya nne ngozi ikaja kudai na riba.
Kikopo kile kiliahidi kila kitu.
Hii tyubu imeandikwa hofu zake zote, pande mbili.

Na usiku, pumu ya ngozi haina subira.
Sayi hujikuna kama anayetafuta kitu alichokizika mwenyewe.
Nilimshonea vifuko vya mikono, mabaki ya kitenge;
asubuhi kitenge kina ua
ambalo dukani halikuwepo.

Basi nikapaka.
Umeme umekatika, tochi ya simu mdomoni,
upepo wa ziwa umeleta dagaa wa Mwaloni hadi kitandani.
Kipimo ni ncha ya kidole.
Kidole changu, si chake. Niliuliza mara mbili.
Nyuma ya magoti. Viwiko.
Mkono wangu ulitetemeka kama siku ya kwanza
niliyokata hariri ya mtu.

Usiku wa pili, mkwaruzo.
Wa tatu, mkwaruzo.
Wa tano nikaamka, nyumba kimya,
nikamwekea kiganja puani kuhakikisha.
Nikaamka tena. Na tena.
Kimya nacho kinataka kuzoewa.

Jumanne tunarudi kliniki.
Dokta alisema nisitegemee kichwa, niandike.
Sina daftari. Nimeandika kwa penseli
kwenye karatasi ileile, pembeni mwa neno *watoto*,
palipokuwa na nafasi ya kidole kimoja:

Sayi Masunga, miezi kumi na minne.
Kiwiko cha kushoto bado.
Usiku wa tano alilala.