Chupa ya Jamu

Tsiuri Jojua alishuka treni ya usiku kutoka Zugdidi
na chupa ya jamu kifuani, kifuniko kimetobolewa kwa msumari.
Ndani, wadudu wanne wa rangi ya jani kavu,
migongo kama ngao.
"Ukiwabonyeza wananuka," alisema.
"Wamezinyonya hazeli zangu zote. Ukipasua ganda
unakuta kitu kimesinyaa kama sikio la kizee.
Wewe ndiye mwenye wadudu wa serikali. Niambie jina."

Ndiye mimi, kweli. Makabati sitini na moja,
ghorofa ya chini, Tbilisi, na harufu ya naftalini
ambayo mke wangu huitambua kabla sijavua viatu.
Kila mdudu na pini yake, kila pini na kadi:
Mei 1961, ukingo wa Inguri, juu ya mwalnati, mvua.
Huyo ni marehemu Otia Shengelaia.
Hata mvua aliiandika.

Nilipekua siku tatu. Hayumo.
Siku ya nne nikaazima macho ya wengine:
ramani ile ambamo nchi za watu huweka walichokiona,
nukta kwa nukta, siku na mahali.
Nikamwona mdudu wa Tsiuri akisafiri.
Bandari hii mwaka huu, stesheni ile mwaka uliofuata,
ndani ya makasha ya vigae, ndani ya mikunjo ya mahema,
hadi ng'ambo ya Bahari Nyeusi,
miaka miwili kabla hajabisha hodi kwake.
Miaka miwili! Majirani wote walishapiga yowe.
Sisi tu tulikuwa na pamba masikioni.

Na nchi yetu kwenye ramani ile?
Nyeupe. Nyeupe pe pe pe.
Mgeni akiitazama atasema: hapa hapana kitu,
au hapa hapana mtu.
Na mimi nimeyakalia makabati sitini na moja.

Bwana Naibu Waziri, nilikueleza haya ukatazama saa.
Ulisema: "Tukiyatoa, watatuibia. Mali ya taifa ni ya taifa."
Hofu yako siidharau. Wapo waliokuja na vikapu
wakaondoka na vitunguu vya maua yetu ya theluji
wakaviuza kwa majina yao.
Basi ua adimu tutalitaja wilaya, si kichaka.
Lakini kadi ya Shengelaia haipungui ikisomwa.
Mficha uchi hazai;
na sisi, Bwana Naibu, tunalala na makoti.

Ulitia saini Novemba, nadhani kwa kuchoshwa nami.
Tukaanza kunakili: Ilamaz anasoma, mimi nachapa,
kadi mia mbili kwa siku, mia tatu umeme ukikubali.
Wiki ya sita ikaja barua kutoka Giresun, Uturuki,
ya mwanamke nisiyemjua, Fadime Uzuner.
Nyigu wako namba 4418, aliandika,
yule mdogo kuliko nukta ya wino,
umemwita vibaya miaka ishirini.
Niliona haya. Kisha nikasoma mstari wa pili:
ndugu zake nyigu huyo hutaga
ndani ya mayai ya yule mdudu wa chupani.
Kule wanamjaribu mashambani.
Hapa alikuwa droo ya tisa, kakamatwa 1974,
kilomita kumi na moja kutoka kwa Tsiuri.

Sisemi ameokoa. Tsiuri ameshakata nusu ya miti,
kuni zimepangwa ukutani. Nyigu ni nyigu.
Ila mjukuu wake Gvantsa sasa anapiga picha
kila kitambaacho kwenye majani,
na ule weupe, upande wa magharibi,
umeanza kuota madoa
kama uso wa mtoto mwenye tetekuwanga.
Doa moja ni shamba lao.
Nililitazama jana mpaka chai ikapoa.

Asubuhi Tsiuri kapiga simu. Habari za ramani hakuuliza.
Kauliza chupa yake iko wapi.
Plamu zimeiva.