Tano kwa Kumi

Ukurasa ulikuja umefungiwa karanga, sokoni Mwanjelwa,
chumvi juu ya hukumu: tano kwa kumi.
"Pango moja, ghorofa hamsini. Ukuta uleule,
popo walewale. Mchezaji huchoka kabla ya joka."

Atupele aliusoma kwa sauti, mara mbili,
kidole gumba hakijaachia kitufe.
"Huyu hakufika ghorofa ya tisa," akasema.
"Angefika, angeandika habari ya taa."

Baridi ya Juni imekaa nasi kibandani
kama mteja asiyenunua.
Mjomba Ambwene, aliyechimba Itumbi miaka sita,
akaomba kile kidude, akakishika
kama mtu aliyepewa kifaranga.
Akateremka.

Ghorofa ya kwanza akacheka:
dhahabu gani hii, imelala tu sakafuni?
Ya pili akauliza nani ameshika kamba huko juu.
Hakuna, mjomba.
Ya nne popo wakammaliza. Kioo kikawa cheusi
naye akanyamaza nacho,
mpaka kijitu chake kikatokea tena mlangoni,
kofia kichwani, mfuko umepungua nusu.

"Anarudi?"
"Hurudi kila mara."

Chai yake ikaota utando.
Kisha akachukua kalamu ya fundi,
akaikata ile tano, akaandika nane,
akafikiri, akaongeza pembeni penye mafuta ya karanga:
*Taa yake haizimiki. Uongo huo.
Lakini nane.*

Atupele alitaka kubisha.
Mjomba alikwisha kushuka tena,
polepole, akigusa kila ukuta.